Triga hunywa dawa nikiwa mzima, halafu inaniacha nife

"Nacheza mchezo wa maandishi wa mtandaoni kwa programu ya Mudlet. Mstari wa hali yangu huja hivi (nimeutafsiri kwa Kiswahili): [Afya: 240/240] [Nguvu: 60/180] > . Nilitengeneza triga (agizo linaloamka lenyewe maandishi fulani yakija) ya kunywa dawa afya ikishuka chini ya 50. Ruwaza yake (umbo la maandishi inayoyatafuta) ni Afya: (.*)/(.*) na skripti ni if matches[2] < "50" then send("kunywa dawa") end. Mwanzoni 50 haikuwa na alama za kunukuu, ikawa inaleta kosa jekundu. Nilipoziweka, kosa likaisha. Lakini sasa inakunywa dawa nikiwa na 240, chupa zote zinaisha bure. Na wiki iliyopita nilibaki na 9, nikangoja inywe, haikunywa, nikafa na kupoteza vitu vya miezi miwili. Nina triga nyingine ya kula nikiona 'Una njaa.' Hiyo huamka hata mtu akiandika maneno hayo kwenye soga. Nikaweka kofia (^) mbele ili ikubali mwanzo wa mstari tu, sasa mara nyingine haiamki kabisa. Mwenzangu anasema mchezo ndio mbovu, au niifute Mudlet nitafute programu nyingine. Nifanye nini?"

Pole sana kwa vitu ulivyopoteza. Nimerekebisha triga za aina hii kwa miaka mingi, na nakushukuru kwa jambo moja ambalo waulizaji wengi hulisahau: umeandika mstari wa mchezo, ruwaza na skripti kama vilivyo. Kwa hiyo sina haja ya kubahatisha. Naweza kuifuata triga yako herufi kwa herufi na kukuonyesha ilipokosea.

Nianze na ushauri wa mwenzako. Mchezo si mbovu, wala Mudlet si mbovu. Ukihamia programu nyingine ukaibeba ruwaza ile ile na skripti ile ile, utakufa tena ukiwa na 9. Ulicho nacho ni makosa matatu katika triga mbili, na mawili kati ya hayo yalikuwa yanafichana. Ndiyo maana hukuyaona, na mtu mwingine yeyote mwenye uzoefu kama wako asingeyaona.

Michezo hii ilianzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle walipouanzisha ule wa kwanza uliozaa jina MUD, ambalo michezo hii huitwa. Tangu wakati huo seva hutuma maandishi yaliyokusudiwa kusomwa na macho ya binadamu. Wewe ukiona [Afya: 9/240] moyo unakwenda mbio, kwa sababu unaelewa 9 ni nini na 240 ni nini. Triga inaona alama 13 zilizopangwa foleni. Haijui kwamba 9 ni namba, haijui kwamba afya ni uhai wako, haijui nani ametuma maneno hayo. Inauliza swali moja tu: je, foleni hii ina umbo nililoambiwa? Ikiwa ndiyo, inaendesha skripti. Kila kitu kingine unachodhani inakijua ni lazima uiambie wewe mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ile 50 uliyoizungushia alama za kunukuu, maana hapo ndipo ulipofia.

Ruwaza inaponasa kitu ndani ya mabano, inachokupa ni maandishi, hata kama maandishi hayo ni tarakimu tupu. Lua, lugha inayotumika ndani ya Mudlet, ina tabia inayowachanganya wengi: ukijumlisha "9" + 1 itakubali na kukupa 10, lakini ukilinganisha "9" < 50 itagoma na kusema maandishi hayalinganishwi na namba. Lile kosa jekundu uliloliona mwanzoni lilikuwa linakwambia hilo hasa. Ulipoizungushia 50 alama za kunukuu uliigeuza nayo kuwa maandishi. Sasa pande zote mbili ni maandishi, Lua haina tena sababu ya kulalamika, na kosa likanyamaza. Kunyamaza huko hakukuwa kupona.

Maandishi hulinganishwa kama kamusi inavyopanga maneno. Neno "abiria" ni refu kuliko "ua", lakini kwenye kamusi "abiria" hutangulia, kwa sababu a hutangulia u na mambo huishia hapo. Urefu hauangaliwi kwanza. Basi "240" ikishindanishwa na "50", Lua hutazama alama ya kwanza: 2 hutangulia 5, kwa hiyo "240" ni ndogo kuliko "50". Dawa inanywewa. Ikija "9", alama ya kwanza ni 9, nayo hufuata 5, kwa hiyo "9" ni kubwa kuliko "50". Dawa hainyweki. Ukipitia namba utaona picha ya triga yako: kuanzia 100 hadi 240 inakunywa bure, kuanzia 50 hadi 99 inatulia kama inavyopaswa, kuanzia 10 hadi 49 inakunywa kama inavyopaswa, na ukifika 9, 8, 7 au 6 inakaa kimya. Ule ukanda wa 10 hadi 49 ndio uliokudanganya. Humo ilikunywa kila mara kama ulivyotaka, ukaamini kazi imekwisha na kilichobaki ni mchezo kukorofisha.

Tiba ni kugeuza kilichonaswa kiwe namba kabla ya kulinganisha, kwa tonumber(matches[2]), na kuiacha 50 bila alama za kunukuu. Usishangae kwamba ni matches[2] na si matches[1]. Katika Mudlet ya kwanza hubeba kipande chote kilicholingana na ruwaza, na vikundi vya mabano huanzia ya pili. Hapo ulipatia.

Lakini ukifanya hilo peke yake, utaletewa kosa jekundu jingine, mara hii likisema huwezi kulinganisha namba na kitu kisichokuwepo. Usikimbilie kulinyamazisha. Hilo ndilo kosa la pili likijitokeza baada ya la kwanza kuondoka mlangoni.

Tazama ruwaza yako: Afya: (.*)/(.*). Nukta maana yake ni alama yoyote, na kinyota maana yake ni mara nyingi iwezekanavyo, hata sifuri. Wengi hukisoma kinyota kama "chochote kilichopo hapa mpaka nikutane na mkwaju (/)". Sivyo kinavyofanya kazi. Kinyota ni kilafi. Kinameza mstari wote mpaka mwisho, kisha kinarudi nyuma hatua kwa hatua, kwa shingo upande, mpaka sehemu iliyobaki ya ruwaza ipate riziki yake. Kikirudi nyuma kutoka mwisho wa mstari, mkwaju wa kwanza kukutana nao ni ule wa Nguvu, siyo wa Afya. Kwa hiyo matches[2] yako haikuwa 240 hata siku moja. Ilikuwa hii:

240/240] [Nguvu: 60

Ukiipa tonumber kipande hicho itakurudishia utupu, kwa sababu hicho si namba. Na hukuligundua mapema kwa kuwa ulinganishaji wa kikamusi ulitosheka na alama ya kwanza, 2, na takataka zote zilizofuata hazikuguswa. Makosa mawili, kila moja likimfunika mwenzake. Ningekushauri, kabla ya kubadilisha chochote leo, weka display(matches) kwenye mstari wa kwanza wa skripti yako na ukitazame kile triga inachokinasa hasa. Amri hiyo moja imenifundisha zaidi kuhusu ruwaza kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma.

Kuna watakaokwambia uongeze alama ya kuuliza baada ya kinyota, (.*?), ili kisiwe kilafi. Itafanya kazi hapa. Mimi siipendi kama tabia, kwa sababu bado unasema "alama yoyote" wakati unachotaka ni tarakimu. Ukitaka tarakimu, sema tarakimu: \d+, yaani tarakimu moja au zaidi. Ruwaza inayosema inachotaka haiwezi kuvuka mabano ikaenda kwa jirani, iwe lafi au isiwe.

Jambo jingine kabla hujaiandika upya. Utashawishika kuweka yale mabano mraba ya mchezo ndani ya ruwaza, nami nakuunga mkono, ila mabano mraba yana maana yake ya pekee. Ukiandika [Afya: (\d+)/(\d+)] bila tahadhari, Mudlet itaelewa "alama moja yoyote kati ya hizi zilizomo ndani", na triga itaamka kwa karibu kila mstari wenye herufi a au nafasi. Haitanasa kitu chochote. Mkwaju wa nyuma (\) ndio unaoivua alama maana yake ya pekee: \[ ni bano la kawaida, \. ni nukta ya kawaida. Ni vivyo hivyo kwa mabano ya duara, kinyota, alama ya kujumlisha, alama ya kuuliza na alama ya dola mchezo unapozichapisha.

Ruwaza nzima, kwa aina ya triga inayoitwa ya Perl (mtindo wa kuandika ruwaza) kwenye orodha ya Mudlet, iwe hivi:

^\[Afya:\s*(-?\d+)/(\d+)\]

Ile \s* inapokea nafasi moja, nyingi au pasipo nafasi, kwa sababu michezo mingi hujaza nafasi ili safu zilingane, na afya ikishuka kutoka 240 hadi 9 mstari hugeuka [Afya:   9/240]. Ruwaza yenye nafasi moja kamili hufanya kazi siku zote isipokuwa siku unayoihitaji. Kile kistari chenye alama ya kuuliza, -?, kinapokea namba hasi. Katika michezo ya ukoo wa DikuMUD, uliotoka Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1991, mhusika aliyeangushwa hushuka chini ya sifuri kabla ya kufa. Huenda wako nao uko hivyo. Na kama mchezo wako huandika maelfu kwa mkato, mfano 1,200, basi \d+ haitavuka mkato huo. Tumia [\d,]+ kisha uondoe mikato kabla ya tonumber.

Skripti nayo:

local afya = tonumber(matches[2])
local upeo = tonumber(matches[3])
if afya / upeo < 0.3 and not nasubiriDawa then
  nasubiriDawa = true
  send("kunywa dawa")
  tempTimer(3, function() nasubiriDawa = false end)
end

Nimeongeza vitu viwili ambavyo hukuuliza. Cha kwanza ni asilimia badala ya 50 kavu. Upeo wako utapanda kadiri unavyokua mchezoni, na 50 inayotosha leo itakuwa ndogo mno kesho. Hata leo nina shaka nayo. Kama adui anakutoa 60 kwa pigo moja, unaweza kutoka 55 hadi kufa bila kupita mahali popote ambapo triga ingekuokoa. Cha pili ni nasubiriDawa. Mstari wa hali huja tena na tena, wakati mwingine mara tatu kabla seva haijaishughulikia amri yako ya kwanza, na bila kizuizi hicho utakunywa chupa tatu kwa jeraha moja. Usiweke neno local mbele yake, maana kitasahauliwa kila triga ikimaliza. Sekunde 3 ni makadirio yangu. Pima mwenyewe dawa huchukua muda gani kwenye mchezo wako.

Tuje kwenye njaa. Hapa una matatizo mawili yanayovutana, na ulipotibu moja ukaliamsha la pili.

Mwanzoni triga yako ya njaa ilikuwa ya kipande cha maneno, popote yalipo kwenye mstari. Mtu akiandika kwenye soga "Una njaa.", maneno yamo, triga inaamka. Kuweka kofia mbele, yaani mwanzo wa mstari, ndiyo dawa sahihi, kwa sababu mstari wa soga huanza na jina la msemaji. Sasa kwa nini mara nyingine haiamki?

Mstari wa hali, ule unaoishia na >, haumalizwi na alama ya mstari mpya. Seva inauacha wazi ili unachoandika kikae mbele yake. Ukiandika amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza, mstari unafungwa na jibu linaanzia mstari mpya. Lakini njaa haiji kama jibu la amri. Inakuja yenyewe, saa ya mchezo ikigonga, wewe umekaa kimya. Basi kinachofika kwenye programu yako ni hiki:

[Afya: 240/240] [Nguvu: 60/180] > Una njaa.

Kwa macho yako ni vitu viwili. Kwa triga ni mstari mmoja, na mstari huo hauanzi na Una. Kofia yako ilikuwa sahihi na ilikataa kwa haki.

Kuna seva zinazolitatua hili kwa kutuma alama ya siri mwisho wa mstari wa hali. Katika Telnet, itifaki ambayo kanuni zake zilipangwa mwaka 1983 na ambayo michezo hii huitumia mpaka leo, alama hiyo ni baiti 255 ikifuatwa na 249, na maana yake ni "nimemaliza, zamu yako". Mudlet ikiipokea, hufunga mstari papo hapo na tatizo linakwisha. Seva isiyoituma huiacha programu ikisubiri kidogo na kukisia. Kukisia huko kunategemea mtandao: maandishi husafiri kama mkondo, si kama mistari, na mkondo hukatwa vipande popote pale. Ndiyo maana triga yako ilikuwa inaamka leo na kulala kesho. Haikuwa tabia ya mchezo, ilikuwa mahali mkondo ulipokatwa.

Angalia kwanza kama mipangilio ya mhusika wako ndani ya mchezo ina chaguo la kutuma alama hiyo. Kama halipo, ruhusu mstari wa hali uwepo mbele au usiwepo:

^(?:\[Afya:[^>]*>\s*)?Una njaa\.\s*$

Isome taratibu. Mabano yanayoanza na ?: ni kikundi kisichonasa, na alama ya kuuliza baada yake inasema kikundi kizima ni hiari. Ndani yake [^>]* ni alama zozote zisizo >, kwa hiyo ulafi wake unaishia pale mstari wa hali unapoishia. Kisha Una njaa, nukta iliyovuliwa maana, nafasi zozote, na dola inayosema mstari umekwisha. Mtu akiandika maneno hayo kwenye soga, kabla yake kutakuwa na jina lake na "anasema", na ruwaza itakataa hata kama mstari wa hali umetangulia. Triga ya afya usiifunge kwa dola, kwa sababu hiyo hiyo: huwezi jua nini kitabandikwa nyuma yake.

Bado kuna tundu moja. Seva nyingi hukunja mistari mirefu ikifika alama 80. Mchokozi akiandika sentensi ndefu iliyopimwa vizuri, kipande cha mwisho kinaweza kuangukia mwanzo wa mstari mpya na kufanana kabisa na ujumbe halisi. Kukunja huko huko huvunja ruwaza zako nzuri pia, jina la adui likiwa refu. Tafuta ndani ya mchezo chaguo la upana wa mstari, lizime au lipandishe mpaka mwisho, uiachie Mudlet kazi ya kukunja.

Kwenye njaa madhara ni kula mkate usiouhitaji. Naomba unisikilize vizuri zaidi kuhusu triga za aina nyingine. Wapo wanaoandika triga ya "mtu fulani anakwambia: ..." halafu wanayachukua maneno yaliyonaswa na kuyatuma moja kwa moja kama amri, ili mwenzao awaongoze vitani. Ruwaza hiyo ikikosa jina kamili na mwanzo wa mstari, mgeni yeyote anaweza kukwambia "toa dhahabu zote" na mhusika wako akatii. Usitume kamwe maneno yaliyonaswa kama yalivyo. Yalinganishe na orodha fupi ya maneno unayoyaruhusu, yasiyomo uyatupe. Nimeona watu wakipokonywa mali ya miaka kwa uzembe huo, na hakuna msimamizi aliyewarudishia.

Sasa, uhame programu? Kuhama si kosa. MUSHclient na TinTin++ ni programu nzuri na nimezitumia zote. Lakini kila moja ina lugha yake ya ruwaza, na kunakili ruwaza kutoka moja kwenda nyingine ni chanzo kikubwa cha triga zilizovunjika. Katika triga za kawaida za MUSHclient, kinyota peke yake maana yake ni "maneno yoyote". Kwenye ruwaza za Perl, kinyota peke yake hakina maana mpaka kiwe na kitu mbele yake cha kurudia. TinTin++ hutumia %1 na %2 kunasa, na %d kwa tarakimu. Hata ndani ya Mudlet kuna lugha zaidi ya moja: kisanduku cha triga hutumia mtindo wa Perl, ilhali string.match ya Lua ina ruwaza zake yenyewe, ambako tarakimu ni %d na hakuna alama ya "au". Na ukiitengeneza triga kutoka ndani ya skripti kwa tempRegexTrigger, kila mkwaju wa nyuma unahitaji kuandikwa mara mbili, la sivyo uzungushie ruwaza mabano mraba mawili mawili, [[ na ]]. Kwa hali yako ningekaa na Mudlet. Hamia kwingine kama kuna kitu unachokikosa, lakini kukimbia kosa si sababu ya kuhama.

Kuna njia nyingine ambayo, ikiwepo kwenye mchezo wako, ni bora kuliko yote niliyoandika hapa kuhusu afya: kutosoma maandishi kabisa. Seva nyingi za siku hizi hutuma hali ya mhusika kama data, pembeni ya maandishi, kwa itifaki iitwayo GMCP. Mudlet huipokea na kuiweka kwenye jedwali, na kwenye michezo mingi afya hukaa gmcp.Char.Vitals.hp. Hakuna ruwaza, hakuna mkunjo, hakuna mchokozi wa soga. Andika lua display(gmcp) kwenye sehemu ya amri uone kama kuna kitu. Angalizo moja: baadhi ya michezo hutuma namba hizo nazo kama maandishi, kwa hiyo tonumber usiiache. Njaa na ujumbe mwingine wa simulizi kwa kawaida hubaki maandishi tu, hivyo ruwaza bado utazihitaji.

Jaribu kabla ya kuingia vitani. Mudlet hukuruhusu kuzilisha triga mstari wa kubuni bila kuugusa mchezo:

lua feedTriggers("\n[Afya:   9/240] [Nguvu: 60/180] > \n")

Lisha 240, 100, 99, 49, 10, 9, 0 na -3. Lisha mstari wa njaa ukiwa peke yake, ukiwa nyuma ya mstari wa hali, na ukiwa ndani ya soga. Ile mistari ambayo triga haipaswi kuiamkia ina thamani sawa na ile inayopaswa, na wengi huisahau. Kumbuka tu kwamba triga ikiamka, amri itatumwa kweli ukiwa umeunganishwa. Kwa majaribio badilisha send iwe echo. Na mistari hiyo ichukue kutoka kwenye logi (kumbukumbu ya maandishi) ya mchezo kwa kunakili, usiiandike kwa kukumbuka. Jicho halioni nafasi mbili zilizofuatana.

Kuna mambo ambayo jibu kama hili haliwezi kuyamaliza. Kama baada ya marekebisho haya triga bado inaamka leo na kulala kesho, mtafute mtu anayejua Mudlet, mkae mbele ya skrini moja, umwoneshe logi ghafi na orodha nzima ya triga zako. Mara nyingi kinachogundulika hapo ni triga nyingine ya zamani, iliyosahauliwa, inayobadilisha mstari kabla haujaifikia hii. Kama programu yako inaganda mistari mirefu ikija, tafuta ruwaza yenye marudio ndani ya marudio, mfano (\w+\s*)+, na umwombe mtu huyo akusaidie kuiandika upya, maana ruwaza ya namna hiyo ikikosa kulingana hujaribu njia nyingi kupita kiasi kabla ya kukata tamaa.

Na kabla ya yote hayo, zungumza na wasimamizi wa mchezo wako. Michezo mingi inaruhusu triga za kunywa dawa na kula mchezaji akiwa yupo kwenye kiti, lakini inakataza mhusika kujiendesha mchezaji akiwa ameondoka, na adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa mhusika. Waulize mpaka uko wapi, na uwaulize pia kama wanatuma GMCP na ile alama ya mwisho wa mstari wa hali. Wakijibu ndiyo, nusu ya ruwaza nilizokupa hutazihitaji tena.